Goti lililozima ndoto ya Eisenhower uwanjani

KABLA ya kuongoza majeshi yaliyovuka bahari kuikomboa Ulaya mnamo 1944, na kabla ya kuingia Ikulu ya Marekani mnamo 1953, Dwight David Eisenhower alikuwa kijana ambaye hakutaka jingine duniani ila kucheza mpira.

Ndoto hiyo haikudumu. Ilichanua na kunyauka katika msimu mmoja tu, ule wa 1912, alipoichezea timu ya Chuo cha Kijeshi cha West Point kilichoko kando ya mto Hudson, jimbo la New York.

Msimu ulipoanza, magazeti yalikuwa yakimtaja miongoni mwa chipukizi wa kutumainiwa. Ulipokaribia kumalizika, alikuwa amelala hospitalini, mguu umefungwa plasta, na daktari amekwisha kumwarifu kwamba hatacheza tena.

Walimwengu humkumbuka Eisenhower kwa vita na siasa. Hata hivyo, si rahisi kumwelewa jenerali huyo bila kufahamu yaliyompata katika wiki chache za Novemba mwaka huo, na jinsi mpira ulivyoendelea kumwandama kwa miaka 15 baadaye, wakati mwingine kama baraka na wakati mwingine kama pingu.

MWANA WA ABILENE

Eisenhower alizaliwa Oktoba 14, 1890 mjini Denison, jimbo la Texas, akiwa mwana wa tatu wa David na Ida Eisenhower. Angali mchanga, familia ilihamia Abilene, mji mdogo wa wakulima na wafugaji katika jimbo la Kansas.

Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa. Mama yake alikuwa mcha Mungu aliyechukia vita na kila kilichohusiana navyo. Watoto walikuwa saba, wote wavulana, mmoja wao akafariki akiwa mchanga. Waliobaki walilelewa kwa jembe, ndoo na Biblia.

Kisa kimoja cha utotoni kilitangulia kama bishara ya yaliyokuwa yakimngoja. Alipokuwa akianza masomo ya sekondari, alianguka na kuchubuka goti. Kidonda kikaingia sumu, mguu ukafura, naye akawa akipoteza fahamu mara kwa mara kwa homa.

Daktari aliyeitwa nyumbani alipendekeza mguu ukatwe ili kuokoa maisha yake. Kijana alikataa katakata. Alimwapisha kaka yake Edgar asimruhusu yeyote kumkata mguu hata akipoteza fahamu, naye Edgar akalinda mlango wa chumba usiku na mchana.

Mguu ulipona, ingawa aliukosa muhula mzima wa masomo na kulazimika kuurudia mwaka. Alichokuwa akikihofia zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, hakikuwa kifo bali maisha yasiyo na michezo.

Alipohitimu sekondari mwaka wa 1909, familia haikuwa na uwezo wa kuwapeleka vijana wawili chuoni kwa mpigo. Yeye na Edgar wakakubaliana kupokezana: mmoja asome huku mwenzake akifanya kazi na kumlipia karo. Edgar akatangulia kwenda Chuo Kikuu cha Michigan, naye Dwight akabaki kwenye kiwanda cha maziwa, akifanya kazi ya usiku.

Ni rafiki yake, Everett Hazlett, aliyemfungua macho kuhusu vyuo vya kijeshi ambako elimu hutolewa bila malipo. Alitamani kujiunga na chuo cha wanamaji cha Annapolis, lakini umri ulikuwa umempita. Kwa uteuzi wa Seneta Joseph Bristow wa Kansas, akapata nafasi West Point.

Aliwasili huko Juni 1911 akiwa na umri wa miaka 20. Mama yake hakumzuia, ila alipoondoka alijifungia chumbani na kulia.

GOZI LA WEST POINT

Mpira wenyewe haukuwa kandanda inayofahamika na wengi Afrika Mashariki. Ni mchezo wa Kimarekani unaokaribiana na raga, ambao mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi, huku wapinzani wakikabiliana kwa mabega na vifua.

Siku hizo ulikuwa mchezo wa hatari. Kofia za ngozi zilikuwa nyepesi, wachezaji wengine hawakuzivaa kabisa, na miaka michache tu kabla ya hapo, mnamo 1905, vifo vya wachezaji vilikuwa vimemfanya Rais Theodore Roosevelt kuingilia kati na kudai sheria zirekebishwe.

Mwaka wa 1912 ulileta mabadiliko mengine. Bao la kuvuka mstari wa wapinzani lilipandishwa kutoka alama 5 hadi 6, na timu iliyomiliki mpira ikapewa majaribio manne badala ya matatu ya kusonga mbele yadi 10. Mbio na nguvu zikapata thamani mpya.

Katika mwaka wake wa kwanza Eisenhower alionekana mwembamba mno kwa timu kuu. Aliwekwa kwenye timu ya akiba. Alichofanya ni kula bila kuona haya, kufanya mazoezi ya kujenga misuli na kukimbia hadi akapata kasi ambayo hakuwa nayo.

Juhudi zilizaa matunda. Mkufunzi Ernest Graves, ambaye naye alikuwa afisa wa jeshi, alimwona akijituma mazoezini na kumpandisha kwenye timu kuu kwa msimu wa 1912. Alicheza akiwa mkimbiaji wakati timu yake ikishambulia, na mlinzi wa nyuma ya safu ya mbele wakati ikishambuliwa.

Timu ilianza kwa ushindi. Stevens ilifunikwa 27-0, kisha Rutgers ikalala 19-0. Yale, mojawapo ya vigogo wa enzi hizo, ikaipunguza kasi West Point kwa kuilaza 6-0, kabla ya vijana hao wa jeshi kujifariji kwa kuilaza Colgate 18-7.

Gazeti la The New York Times lilikuwa tayari limemtaja Eisenhower miongoni mwa wakimbiaji waliotarajiwa kutia fora katika vyuo vya mashariki mwa nchi. Kwa kijana aliyetoka kwenye kiwanda cha maziwa cha Abilene, hiyo haikuwa sifa ndogo.

SIKU YA CARLISLE

Novemba 9, 1912, wageni waliofika West Point walikuwa wa aina yake. Walitoka shule ya Carlisle, jimbo la Pennsylvania, iliyofunguliwa na serikali mwaka wa 1879 kwa ajili ya watoto wa wenyeji asilia wa Marekani.

Shule hiyo haikuwa ya hisani tupu. Watoto waliondolewa kwa jamaa zao, wakanyolewa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao na kufundishwa kuishi kama Wazungu. Katika mazingira hayo mpira ukawa mahali pa pekee ambapo vijana hao wangeweza kukabiliana na Wazungu chini ya sheria zilezile.

Mechi ilikuwa na uzito mwingine. Desemba 1890, miezi miwili tu baada ya Eisenhower kuzaliwa, wanajeshi wa Marekani walikuwa wamewaua Walakota zaidi ya 150, wakiwamo wanawake na watoto, mahali paitwapo Wounded Knee. Sasa wana wa makabila ya wenyeji walikuwa wakicheza dhidi ya vijana waliokuwa wakiandaliwa kuwa maafisa wa jeshi lilo hilo.

Carlisle iliongozwa na Jim Thorpe, wa kabila la Sac na Fox. Miezi michache awali alikuwa ametwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, nchini Uswidi. Mkufunzi wao, Glenn Warner, alisifika kwa kubuni mbinu zilizowachanganya wapinzani wenye miili mikubwa.

Mpango wa Eisenhower na mwenzake, Charles Benedict, ulikuwa mwepesi kuueleza: wamkabili Thorpe wawili kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini, hadi atolewe uwanjani. Mwanzoni ulielekea kufaulu, kwani walimwangusha kwa kishindo. Thorpe akainuka, akaendelea.

Walipojaribu tena, Thorpe aliwahepa. Vijana hao wawili waliokuwa wakija kwa kasi wakagongana wenyewe kwa wenyewe, na ikawalazimu kuondoka uwanjani.

Nahodha wa West Point, Leland Devore, alishindwa kujizuia. Alimvamia mchezaji wa Carlisle, Joe Guyon, na mwamuzi akamfukuza. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi.

Mechi ilimalizika 27-6. Alex Arcasa alifunga mabao matatu na Joe Bergie moja, huku Thorpe akiwafungulia njia kwa mbio zake. Waliotarajiwa kushindwa waliondoka West Point wakiwa washindi, na katika historia ya mchezo huo siku hiyo bado hutajwa kwa heshima ya Carlisle, wala si ya wenyeji wao.

Eisenhower hakuisahau. Miongo mingi baadaye, akiwa kiongozi wa kitaifa, alikuwa bado akimtaja Thorpe kama mchezaji asiye na mfano, aliyeweza kufanya kila kitu uwanjani kuliko wote aliowahi kuwaona.

WIKI MOJA BAADAYE

Jumamosi iliyofuata, Novemba 16, West Point ilicheza na Tufts na kushinda 15-6. Ni katika mechi hiyo ambapo goti la Eisenhower lilipinda alipokuwa akijaribu kujinasua kutoka mikononi mwa mpinzani.

Alilazwa hospitalini siku chache, uvimbe ukapungua, akaruhusiwa kutoka. Alidhani kwamba angepona kwa wakati na kucheza mechi kubwa kuliko zote katika kalenda ya chuo, ile ya mahasimu wao wa jadi, wanamaji wa Annapolis.

Lakini ratiba ya chuo haikumsubiri. Katika mazoezi ya farasi, makadeti walitakiwa kuruka chini na kupanda tena huku farasi akienda mbio. Eisenhower alishiriki. Alipotua, goti lilikatika kano na gegedu, akaanguka.

Madaktari walilinyoosha goti kwa siku kadhaa zilizojaa maumivu makali, kisha wakaufunga mguu plasta. Uamuzi wao haukuwa na shaka: mpira ulikuwa umekwisha, na farasi pia walikuwa wa kuepukwa.

Novemba 30, mjini Philadelphia, West Point ilicheza na Annapolis bila yeye na kulazwa 6-0. Kilikuwa kichapo cha tatu mfululizo kutoka kwa wanamaji, baada ya vile vya 1910 na 1911. Timu ilimaliza msimu kwa ushindi mara 5 na vichapo 3.

Yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa magumu zaidi. Kijana aliyekuwa akijulikana kwa ucheshi alizama katika huzuni. Alama zake za masomo zilishuka. Alianza kuvuta sigara alizojisokotea mwenyewe, jambo lililokatazwa, na kila alipokamatwa aliongezewa adhabu.

Zaidi ya mara moja aliazimia kuacha chuo na kurejea Kansas. Wenzake wa bwenini walimsihi, wakamrudisha. Lau wangenyamaza, huenda jina la Eisenhower lisingejulikana nje ya Abilene.

PEMBENI MWA UWANJA

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Taratibu, Eisenhower alianza kutafuta njia ya kubaki karibu na mchezo uliomkataa.

Kwanza akawa kiongozi wa washangiliaji, akisimama mbele ya makadeti wenzake na kuwachochea waishangilie timu. Kijana asiyezoea kuhutubia akajifunza kuzungumza na umati na kuuinua moyo wake.

Kisha akapewa jukumu la kuifunza timu ya akiba, ileile aliyoianzia. Hapo ndipo kipaji chake kingine kilipojitokeza. Alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji anayefaa nafasi fulani, na subira ya kuwaunganisha watu wasiopendana wakacheza kwa shabaha moja. Vijana wake kadhaa walipandishwa kwenye timu kuu.

Timu kuu yenyewe ilizidi kuimarika bila yeye. Mnamo 1913 iliwalaza wanamaji 22-9, na mnamo 1914 ikashinda mechi zake zote 9, ikiwamo ya Annapolis iliyomalizika 20-0. Miongoni mwa wachezaji wa kikosi hicho walikuwa Omar Bradley na James Van Fleet, wote wa darasa la Eisenhower.

Furaha ya wenzake aliishangilia akiwa nje ya mstari.

Ilipofika 1915, wakati wa kuhitimu, goti lilimfuata hadi kwenye meza ya madaktari. Kulikuwa na hoja kwamba ahitimu lakini asipewe cheo cha afisa, kwani jeshi lingeweza kujikuta likimlipa posho ya ulemavu angali kijana. Eisenhower hakutikisika. Alianza hata kukusanya habari kuhusu nchi ya Argentina, akifikiria kwenda huko kutafuta maisha.

Mkuu wa matibabu wa chuo hatimaye alikubali kumpendekeza, kwa sharti kwamba asiombe kikosi cha farasi. Alikuwa amemshawishi ajiunge na kikosi cha mizinga ya pwani, lakini kijana hakutaka kazi ya kukaa mahali pamoja. Katika fomu yake aliomba kikosi cha askari wa miguu kama chaguo la kwanza, la pili na la tatu.

Alihitimu akiwa wa 61 kati ya 164. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba darasa hilo lingetoa majenerali 59, idadi ambayo imelifanya liitwe darasa lililoangukiwa na nyota.

KOCHA ASIYETAKA UKOCHA

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas. Huko alikutana na Mamie Doud, wakafunga ndoa Julai 1, 1916.

Sifa zake za ukufunzi zilikuwa zimemtangulia. Mwaka wa 1915 aliifunza timu ya shule ya kijeshi ya Peacock, na mwaka uliofuata akaichukua timu ya chuo cha Kikatoliki cha St. Louis mjini humo, ambayo ilikuwa imesahau ladha ya ushindi. Chini yake ikaanza kushinda.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Marekani, na Marekani ikambakisha. Mnamo 1918 aliwekwa kuongoza kambi ya mafunzo ya vifaru huko Gettysburg, Pennsylvania, akapanda hadi luteni kanali akiwa na umri wa miaka 28. Amri ya kwenda Ufaransa ilipotoka, alitakiwa kuondoka Novemba 18. Vita vilimalizika Novemba 11.

Amani ilimshusha cheo. Alirudishwa nyuma na baadaye kuthibitishwa kuwa meja, akabaki na cheo hicho kwa miaka 16. Januari 1921 likampata pigo zito kuliko yote maishani mwake, mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka mitatu, alipofariki kwa homa ya vipele vyekundu.

Katika miaka hiyo ya ukame, kitu kimoja tu ndicho wakubwa wake walichokitaka kwake kila msimu wa mpira ulipokaribia: ukocha. Aliifunza timu ya kambi ya Meade, jimbo la Maryland, mnamo 1921.

Alipata ahueni alipopelekwa Panama kati ya 1922 na 1924 chini ya Jenerali Fox Conner, msomi wa vita aliyemsomesha historia, mikakati na siasa za kimataifa. Conner aliamini kwamba vita vingine vikubwa vingekuja, na kwamba majeshi ya mataifa mengi yangelazimika kupigana chini ya kamanda mmoja.

Kisha, mnamo 1924, ikaja amri ya kumrudisha Meade. Hakuwa akiitwa kuongoza wanajeshi. Alikuwa akiitwa kusaidia kuifunza timu ya mpira.

Msimu ulipomalizika aliomba nafasi katika shule ya askari wa miguu, akakataliwa. Ni Conner aliyemtafutia mlango wa nyuma, akapata nafasi katika chuo cha makamanda cha Fort Leavenworth, Kansas. Mnamo 1926 alihitimu akiwa wa kwanza kati ya maafisa 245.

Mtu angedhani kwamba sasa jeshi lingemtambua kama mwanamikakati. Alipelekwa Fort Benning, jimbo la Georgia, na miongoni mwa kazi alizokabidhiwa ilikuwemo, kwa mara nyingine, kuifunza timu ya mpira.

Hapo ndipo kilipokuwa kinaya cha maisha yake. Mchezo uliomvunja goti akiwa kadeti ulikuwa sasa ukimvunja mwendo akiwa afisa. Alifanya kazi hiyo kwa bidii kwa sababu hakujua kufanya jambo kwa ulegevu, na kadiri alivyoifanya vyema ndivyo walivyozidi kumwitia hiyo hiyo.

Mwaka wa 1927 alihamishiwa Washington kwa Jenerali John Pershing, na pingu ya ukocha ikafunguka.

UWANJA MPANA

Njia haikunyooka hata hapo. Alimtumikia Jenerali Douglas MacArthur mjini Washington na baadaye Ufilipino hadi 1939. Marafiki zake wengi walimwona kama msaidizi hodari ambaye angestaafu bila jina.

Mnamo 1941, katika mazoezi makubwa ya kivita jimboni Louisiana yaliyowashirikisha takriban wanajeshi 400,000, mipango yake iliwashangaza wakuu wa jeshi. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor Desemba mwaka huo, Jenerali George Marshall alimwita Washington.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Novemba 1942 aliongoza majeshi ya Muungano kutua Morocco na Algeria, na Februari 1943 akaonja kichapo kikali cha Wajerumani kwenye njia ya Kasserine, nchini Tunisia. Baada ya Kasserine alibadilisha makamanda, na mmojawapo wa aliowaleta mbele alikuwa Jenerali George Patton, ambaye, kwa sadfa, alishiriki Olimpiki ya Stockholm mwaka wa 1912 na kumaliza wa tano katika mashindano ya fani tano.

Omar Bradley, yule wa timu isiyoshindwa ya 1914, akawa mkono wake wa kulia. James Van Fleet, mwenzake Bradley kwenye timu hiyo, alianza vita akiwa kanali na kuvimaliza akiongoza kikosi kikubwa cha jeshi barani Ulaya. Eisenhower mwenyewe aliandika baadaye kwamba wachezaji wa zamani wa mpira aliowakabidhi madaraka vitani hawakumwangusha.

Kazi yake haikuwa ya kubeba silaha mstari wa mbele. Ilikuwa kuwafanya Waingereza, Wamarekani, Wakanada, Wafaransa na wengineo, pamoja na majenerali waliojaa majivuno, wasonge upande mmoja. Yaani kazi ileile aliyoanza kujifunza akiwa na timu ya akiba ya West Point, sasa ikiwa na roho za maelfu mizani.

Juni 6, 1944, baada ya kuahirisha kwa siku moja kutokana na dhoruba, aliamuru majeshi yavuke kwenda Normandy, Ufaransa. Wanajeshi wapatao 156,000 walitua siku hiyo ya kwanza.

Mfukoni mwake mlikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, ya kutangazwa iwapo shambulio lingeshindwa. Ndani yake aliwasifu askari na kubeba lawama zote peke yake. Karatasi hiyo haikuhitajika.

IKULU NA KABURI

Ushindi wa 1945 ulimfanya kipenzi cha nchi yake. Aliapishwa kuwa Rais wa Marekani Januari 20, 1953 na kuongoza kwa mihula miwili hadi Januari 1961.

Urais wake una pande mbili. Alisimamia kumalizika kwa mapigano Korea mnamo 1953, akaanzisha mpango wa barabara kuu zinazounganisha majimbo mnamo 1956, na mnamo 1957 akatuma wanajeshi Little Rock, jimbo la Arkansas, kuwalinda wanafunzi tisa weusi waliokuwa wakizuiliwa kuingia shule ya Wazungu.

Ni serikali yake vilevile iliyosaidia kupindua serikali za Iran mnamo 1953 na Guatemala mnamo 1954. Kwa Afrika, doa kubwa ni njama ya shirika la ujasusi la CIA ya kumuua kwa sumu Waziri Mkuu wa Congo, Patrice Lumumba, mnamo 1960. Sumu hiyo haikutumika, ingawa Lumumba aliuawa na mahasimu wake Januari 1961. Njama hiyo ilianikwa na uchunguzi wa Seneti ya Marekani mwaka wa 1975, Eisenhower akiwa amekwisha kufariki.

Goti halikumwacha. Lilimsumbua tangu siku zake za uafisa hadi uzeeni, na kumlazimisha kuchagua michezo ya utulivu. Gofu, ambayo wapinzani wake walimkejeli kwa kuipenda kupita kiasi, ndiyo iliyobaki.

Jim Thorpe hakupata bahati kama yake. Mnamo 1913 alipokonywa medali zake za Olimpiki kwa sababu ya kuwahi kulipwa fedha kidogo kucheza besiboli. Alihangaika na umaskini na ulevi, akafariki Machi 28, 1953, miezi miwili na ushei baada ya mpinzani wake wa zamani kuapishwa kuwa rais. Haki yake ilirejeshwa nusu mnamo 1982, na kwa ukamilifu mwaka wa 2022, alipotambuliwa kuwa mshindi wa pekee.

Eisenhower alifariki Machi 28, 1969, tarehe ileile aliyofariki Thorpe, miaka 16 baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 78, akiwa amesumbuliwa na moyo tangu 1955.

Alizikwa Abilene, karibu na nyumba aliyolelewa, akiwa amevalia sare zake, katika jeneza la kawaida la askari.